Msuli au Mshipa? Historia ya Ugunduzi wa Umeme wa Moyo na Suala la Istilahi Zake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna wanasayansi walivyogundua, kati ya mwaka 1839 na 1979, kwamba mapigo ya moyo huanzishwa na kupitishwa na seli za misuli ya moyo wenyewe, wala si na neva. Hoja kuu ni kwamba historia hiyo, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuutenganisha msuli na neva. Na kwamba neno mshipa, ambalo Kiswahili hulitumia kwa njia za damu na vilevile kwa njia za fahamu, hufuta tofauti iliyowagharimu watafiti zaidi ya nusu karne. Makala yanaanza na tukio la kifamilia lililotokea Bujumbura, yanapitia majaribio yaliyofanyiwa vyura, kobe, kondoo na fuko, kisha yanajadili istilahi chache zinazohitaji uamuzi.

Utangulizi

Mwaka 2016 shangazi yangu, mkazi wa Buyenzi mjini Bujumbura, alianguka mara mbili katika wiki moja. Mara ya kwanza alikuwa anachambua mchele. Mara ya pili alikuwa anatoka msikitini. Mara zote mbili alizinduka kabla ya dakika moja kwisha, akashangaa kwa nini watu wamemzunguka. Katika zahanati aliyopelekwa alipimwa umeme wa moyo, akapewa karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa ambayo ndani yake mlikuwa na neno moja aliloweza kulitamka: bloc. Mhudumu aliombwa atafsiri. Akasema, "Mama, mshipa wa moyo umeziba."

Familia ilifanya kile ambacho familia yoyote yenye kusikia redio ingefanya. Mshipa uliozibwa huzibwa na mafuta. Kwa hiyo mawese yaliondolewa jikoni, nyama ikakatazwa, na shangazi akawa anakunywa maji ya ndimu na kitunguu saumu kila asubuhi. Hali hiyo ilidumu wiki sita. Wakati huohuo moyo wake ulikuwa unapiga mara 34 kwa dakika, na hapakuwa na mshipa wowote wa damu ulioziba. Alipoanguka mara ya tatu alivunjika kiwiko. Ndipo daktari mwingine alipochukua kalamu, akachora moyo wenye vyumba vinne, akaonyesha kwa mstari mmoja mahali ambapo taarifa ya umeme kutoka vyumba vya juu ilishindwa kuvuka kwenda vyumba vya chini. Shangazi alipelekwa nchi jirani, akawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua. Mpaka leo wajukuu wanakiita betri.

Simlaumu mhudumu yule. Alilitafsiri neno la Kifaransa kwa neno la Kiswahili lililokuwa karibu naye. Lakini mimi ni mtafiti wa lugha, na tafsiri ile haikunitoka akilini. Nilipoanza kusoma historia ya neno bloc nilikuta kwamba kosa la zahanati ile lilikuwa limewahi kuwa nadharia rasmi ya vyuo vikuu vya Ulaya. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mabingwa waliamini kwamba moyo huendeshwa na mishipa ya fahamu. Kilichofuata ni kisa cha namna walivyoachana na imani hiyo.

Nyuzi za kijivu na vishada vya neva

Kwamba moyo uliotolewa kifuani huendelea kupiga kwa muda lilikuwa jambo linalojulikana tangu zama za Galen. Katika karne ya 18 Albrecht von Haller alidai kwamba msuli wa moyo una wepesi wake wenyewe wa kuchangamka, usiotegemea ubongo. Lakini karne iliyofuata ilikuwa karne ya neva. Ndugu wawili Weber walionyesha mwaka 1845 kwamba neva ya vagasi ikisisimuliwa moyo husimama. Robert Remak naye alikuwa ameona, ndani ya moyo wa chura, vishada vya seli za neva karibu na mahali damu inapoingilia. Ludwig na Bidder wakaona vingine mahali pengine ndani ya moyo huohuo. Hitimisho lilionekana kuwa la lazima: ikiwa moyo hupiga hata nje ya mwili, basi ni kwa sababu umebeba ubongo wake mdogo ndani yake.

Mwaka 1852 Hermann Stannius, huko Rostock, aliufunga moyo wa chura kwa uzi. Alipokaza uzi kati ya kifuko cha kuingilia damu na vyumba vya juu, kifuko kiliendelea kupiga na sehemu nyingine zote zikasimama. Alipokaza uzi wa pili kati ya vyumba vya juu na chumba cha chini, chumba cha chini kikaanza kupiga tena kwa mwendo wake. Jaribio hili rahisi lilithibitisha kwamba mdundo una mahali unapoanzia. Halikusema ni nini kinachouanzisha. Wafuasi wa nadharia ya neva walilisoma kwa macho yao: uzi umetenga kishada hiki na kile.

Wakati huo ushahidi wa upande wa pili ulikuwa tayari umechapishwa, ila kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma. Jan Evangelista Purkyně, Mcheki aliyefundisha Breslau, alikuwa ameona chini ya utando wa ndani wa moyo wa kondoo nyuzi bapa, za kijivu, laini kama utelezi. Maelezo yake yalitoka kwa Kipolandi mwaka 1839, na ni mwaka 1845 tu yalipotoka kwa Kijerumani. Mwanzoni alidhani nyuzi hizo ni aina ya gegedu. Baadaye akaegemea upande wa misuli. Kazi yake hakuisema, kwa kuwa hakuijua. Nyuzi hizo zilikaa vitabuni kwa miaka sitini kama kitu kisicho na kazi. Kwetu sisi tunaoandika kwa lugha ambazo hazisomwi na wakubwa wa fani, hatima hiyo si ngeni.

Konyeza wa Uskoti na kobe wa Cambridge

Pigo la kwanza kubwa dhidi ya nadharia ya neva lilitoka Utrecht. Mwaka 1875 Theodor Wilhelm Engelmann alikata chumba cha chini cha moyo wa chura kwa mikato ya kupishana, kushoto na kulia, mpaka nyama ikabaki kama njia yenye kona nyingi. Mdundo uliosisimuliwa upande mmoja ulizifuata kona zote ukatokea upande wa pili. Hakuna mpangilio wa neva ambao ungeweza kusalimika kwenye kisu kile. Engelmann aliona kwamba taarifa hupita kutoka seli ya msuli hadi seli ya msuli, na kwamba inaweza kupita kuelekea upande wowote.

Walter Gaskell, huko Cambridge, alichagua kobe. Moyo wa kobe ni mkubwa, mvumilivu, na hupiga polepole kiasi cha mtu kuweza kuhesabu na kuandika bila haraka. Katika maandishi yake ya mwaka 1883 alieleza namna alivyokata vipande vya msuli wa moyo visivyo na kishada chochote cha neva, na vipande hivyo vikapiga. Alionyesha kwamba kila sehemu ya moyo ina uwezo wa kujipigia mdundo, ila uwezo huo hupungua kadiri tunavyotoka kwenye kifuko cha kuingilia damu kwenda chini; yenye kasi zaidi huziongoza nyingine. Kisha akafanya jambo ambalo, kwa makala haya, ndilo kiini. Aliukata msuli kati ya vyumba vya juu na chumba cha chini kidogo kidogo, akiuacha daraja linalozidi kuwa jembamba. Kwanza mdundo ulichelewa kuvuka. Daraja lilipozidi kuwa jembamba, ukavuka mdundo mmoja katika kila miwili. Mwishowe haukuvuka hata mmoja, na chumba cha chini kikaanza kupiga peke yake, polepole.

Hali hiyo Gaskell aliipa jina la Kiingereza linalomaanisha kuzuiwa njiani. Neno hilo hakulibuni mwenyewe. Alilichukua kwa George Romanes, ambaye katika miaka ya 1870, katika pwani ya Uskoti, alikuwa anakata vipande vya konyeza, yule mnyama wa baharini aliye laini kama ute, na kutazama mawimbi ya mikazo yakisafiri mwilini mwake hadi mahali ambapo yalikomea. Kutoka kwa konyeza neno likaenda kwa kobe, kutoka kwa kobe likaingia katika tiba ya binadamu, likavuka kwenda Kifaransa, na hatimaye likafika Bujumbura kwenye karatasi ya shangazi yangu. Katika safari hiyo yote halikuwahi kuhusu damu. Lilihusu wimbi lililokwama.

Na wagonjwa wenyewe walikuwapo muda wote huo. Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, wote wawili wa Dublin, walikuwa wameandika habari za watu waliozimia ghafla huku mapigo yao yakiwa machache mno. Maelezo ya ugonjwa yalikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana kilikuwa sababu, kwa maana hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinachopaswa kuvuka.

Tita, shina na matawi

Wafuasi wa neva walikuwa wamebakiwa na ngome moja. Chura na kobe, walisema, ni viumbe wa chini. Katika moyo wa mamalia, vyumba vya juu na vya chini hutenganishwa na pete ya nyuzi ngumu zisizopitisha kitu. Hakuna daraja la msuli. Basi kinachovuka hapo hakina budi kuwa neva. Hoja hii ilikuwa nzuri, na iliangushwa kwa kutafuta daraja lenyewe.

Wilhelm His mdogo, daktari kijana huko Leipzig, alianza na viinitete. Yeye na Ernst Romberg walionyesha kwamba moyo wa kiinitete hupiga kabla neva hazijaufikia, jambo ambalo kwa maoni yangu lingetosha kumaliza ubishi. Mwaka 1893 His alieleza tita jembamba la msuli linalotoboa pete ile ngumu na kuunganisha sehemu ya juu na ya chini. Mwaka huohuo Stanley Kent wa Uingereza naye alieleza miunganisho ya msuli. Bado wengi hawakushawishika: tita lilionekana dogo mno, na hakuna aliyejua linakoishia.

Aliyelifuata mpaka mwisho alikuwa Mjapani. Sunao Tawara alifika Marburg mwaka 1903 kufanya kazi katika maabara ya Ludwig Aschoff. Kazi aliyopewa ilikuwa nyingine kabisa: kuchunguza mioyo ya watu waliokufa kwa ugonjwa wa moyo, ili kuona kama uvimbe wa msuli ndio unaoelezea kushindwa kwa moyo. Matokeo hayakuwa ya maana. Lakini katika kukata vipande vyembamba mno, kimoja baada ya kingine, na kuvitazama kwa darubini, Tawara aliona kwamba juu ya tita la His kuna fundo la seli zilizosokotana, na kwamba chini yake tita hugawanyika matawi mawili, kulia na kushoto, nayo matawi hugawanyika tena na tena hadi kuwa zile nyuzi za kijivu alizoziona Purkyně katika kondoo. Vitu vitatu vilivyokuwa na majina matatu vilikuwa kitu kimoja: mti wenye shina, matawi na ncha, wote wa msuli.

Kitabu chake kilitoka Jena mwaka 1906 kwa jina la Das Reizleitungssystem des Säugetierherzens. Ninalitaja jina hilo kwa sababu ya neno lake refu la kwanza, ambalo limejengwa kwa sehemu tatu: kichocheo, upitishaji, na mfumo. Tawara aliona neva zikiandamana na tita katika baadhi ya wanyama na alisema hivyo waziwazi. Lakini katika jina la kitabu hakutia neva wala waya. Alitaja kazi inayofanywa na akaiacha hivyo. Ni uteuzi wa istilahi unaostahili kuigwa.

Kilichobaki kilikuwa chanzo. Arthur Keith, mtaalamu wa mwili wa binadamu kutoka Uskoti, alikuwa anatumia majira ya joto katika nyumba yake ya shambani huko Kent pamoja na mwanafunzi wa udaktari, Martin Flack. Keith anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba jioni moja alirudi na mkewe kutoka kuendesha baiskeli, akamkuta Flack amechangamka kwa kitu alichokiona katika moyo wa fuko. Kilikuwa fundo lingine, dogo, mahali mshipa mkubwa wa damu unapoingilia chumba cha juu cha kulia, yaani palepale ambapo Stannius alikuwa amekaza uzi wake. Walilichapisha mwaka 1907. Miaka michache baadaye Thomas Lewis alithibitisha kwa vipimo vya umeme kwamba hapo ndipo kila mdundo huanzia.

Kuupima umeme wenyewe

Hadi hapa nimesema "taarifa" na "wimbi" kuliko "umeme", kwa kuwa watafiti hawa waliona mikazo, hawakuona mkondo. Upimaji wa mkondo ulikuwa na historia yake ya pembeni. Mwaka 1856 Kölliker na Müller waliweka neva ya mguu wa chura juu ya moyo unaopiga, na mguu ukashtuka kwa kila pigo. Mguu wa chura ukawa kipimo. Mwaka 1887 Augustus Waller, London, alipata mchoro wa umeme wa moyo wa binadamu bila kumpasua. Baadaye alizoea kuonyesha jaribio hilo kwa mbwa wake, Jimmie, akiwa ametumbukiza miguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1909 suala la mateso ya mbwa huyo liliulizwa katika Bunge la Uingereza, na waziri alilazimika kujibu.

Willem Einthoven wa Leiden, aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java, ndiye aliyetengeneza chombo chenye wepesi wa kutosha. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa takriban kilo 270 na kilihitaji watu watano kukiendesha. Kwa kuwa hakikuweza kupelekwa kwa wagonjwa, mwaka 1905 mapigo ya wagonjwa yaliletwa kwake kwa waya wa kilomita moja na nusu kutoka hospitali. Mawimbi aliyoyaona aliyaita P, Q, R, S na T, herufi za katikati ya alfabeti zisizodai chochote kuhusu maana ya kitu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Katika mchoro wa namna hiyo, mkwamo wa Gaskell huonekana kwa macho: P zinakuja kwa utaratibu wake, na R hazizifuati.

Ndani ya seli moja

Sidney Ringer aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwa bahati, kwamba moyo wa chura uliolowekwa katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba uliendelea kupiga, na ukasimama alipotumia maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu. Hivyo ilijulikana mapema kwamba sodiamu, potasiamu na kalsiamu zina kazi katika moyo. Kazi gani, ilichukua miaka sabini kujulikana.

Jibu lilitegemea bomba la kioo lenye ncha isiyofikia sehemu moja ya elfu ya milimita, linaloweza kuingizwa ndani ya seli hai bila kuiua. Mwaka 1951 Draper na Silvio Weidmann, huko Cambridge, walitumia ncha hizo kwenye nyuzi za Purkyně za mbwa na wana-mbuzi. Walikuta kwamba seli iliyopumzika ina volti hasi ndani yake, takriban milivolti 90 chini ya nje. Seli hutunza tofauti hiyo kwa kutoa sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani. Inapochochewa, milango ya sodiamu katika utando wake hufunguka, sodiamu humiminika ndani, na volti hupanda ghafla hadi kupita sifuri. Mpaka hapo seli ya moyo hufanana na neva ya ngisi ambayo Hodgkin na Huxley waliieleza kikamilifu mwaka 1952.

Tofauti ni katika kinachofuata. Katika neva kila kitu huisha kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika seli ya moyo volti hukaa juu kwa kiasi cha theluthi moja ya sekunde, kama maji yaliyofika uwandani. Baadaye ilijulikana kwamba wakati huo kalsiamu inaingia polepole, na kalsiamu hiyo ndiyo inayoamuru msuli ukaze. Kisha potasiamu hutoka na seli hurudi kupumzika. Urefu wa uwanda huo ni kinga: seli haiwezi kuchochewa tena kabla haijamaliza, na kwa hiyo moyo hauwezi kukakamaa kama msuli wa mguu unavyokakamaa. Mwaka 1960 Denis Noble alichapisha milinganyo inayoonyesha mdundo huu ukijirudia wenyewe. Hesabu alizifanya kwa kompyuta ya London aliyoruhusiwa kuitumia kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku.

Seli za fundo la Keith na Flack zina tabia moja zaidi. Hazipumziki. Kila mdundo unapokwisha, volti yake huanza kupanda polepole yenyewe mpaka kufikia kiwango cha kufungua milango ya kalsiamu, na mdundo mwingine huanza. Mwaka 1979 Brown, DiFrancesco na Noble walieleza mkondo unaosaidia kupanda huko. Milango ya kawaida hufunguka volti inapopanda. Hii hufunguka volti inaposhuka. Kwa sababu ya ukaidi huo waliupa mkondo jina la mzaha linalomaanisha "wa ajabu", na jina hilo limebaki katika vitabu rasmi. Mkondo huohuo ndio unaoongezwa na adrenalini, na ndiyo maana hofu huupeleka moyo mbio. Kwa hiyo neva ina nafasi yake hapa, nafasi ya kuharakisha na kupunguza. Kuanzisha si kazi yake.

Kuhusu namna mdundo unavyoruka kutoka seli hadi seli, kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba moyo ni kama seli moja kubwa isiyo na kuta. Mwaka 1954 Sjöstrand na Andersson, kwa darubini ya elektroni, walionyesha kwamba kuta zipo. Lakini Weidmann alikuwa amepima mwaka 1952 kwamba mkondo huenea mbali kuliko urefu wa seli moja. Kwa hiyo kuta hizo hazina budi kuwa na matundu, na matundu hayo yalipatikana baadaye. Kasi si moja kila mahali. Nyuzi za Purkyně hupitisha mdundo kwa kasi ya mita 2 hadi 4 kwa sekunde. Fundo la Tawara huupitisha kwa takriban sentimita 5 tu kwa sekunde. Ucheleweshaji huo, wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde, huvipa vyumba vya juu muda wa kumimina damu chini. Ndipo mahali ambapo taarifa hukwama kwa urahisi zaidi.

Istilahi

Tukirudi kwenye neno mshipa, kamusi zetu huliorodhesha kwa njia ya damu na kwa njia ya fahamu, na katika pwani ni jina la ugonjwa wa ngiri pia. Si upungufu wa Kiswahili. Neno la Kigiriki lililozaa neva lilimaanisha kano na uzi wa upinde kabla waganga wa Aleksandria, Herofilo na Erasistrato, hawajaitenga neva katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Lugha hutenganisha pale wasemaji wanapolazimika kutenganisha. Katika suala la moyo sisi tumelazimika tayari. Kuandika "mishipa ya umeme ya moyo", kama vitabu kadhaa vya afya vinavyofanya, ni kumrudisha msomaji mwaka 1852 na, zaidi ya hapo, kumpeleka kwenye mafuta ya kupikia. Ninapendekeza misuli pitishi kwa mfumo mzima wa Tawara, na tita la His kwa shina lake. Kila aliyebeba kuni anajua tita ni nini.

Neno umeme lina tatizo dogo zaidi. Majirani zetu wote wamelitafutia njia: Kenya husema stima, Kinyarwanda amashanyarazi, Kirundi umuyagankuba, yaani upepo wa radi. Tatizo ni picha ya waya inayoandamana nalo. Waya hupitisha mkondo uliotoka kwingine; seli ya moyo huzalisha upya mdundo kwa chumvi zake yenyewe, kisha huuambukiza jirani. Moto wa nyika ni mfano ulio karibu zaidi na ukweli: kila unyasi huwaka kwa moto wake, na ulioungua hauwaki tena mpaka uote upya.

Kwa neno la konyeza na kobe, ninapendekeza mkwamo. Mshipa wa damu huziba, mdundo hukwama. Mkwamo wa daraja la kwanza ni pale mdundo unapochelewa, la pili ni pale baadhi ya midundo inapokosa kuvuka, la tatu ni pale usipovuka hata mmoja, hatua zilezile tatu za kisu cha Gaskell. Tofauti hii ina uzito wa tiba. Mshipa ulioziba una dawa zake na lishe yake. Mkwamo wa daraja la tatu tiba yake ni kifaa. Mwaka 1958, mjini Stockholm, Arne Larsson aliyekuwa akizimia mara nyingi kwa siku alipandikizwa kifaa cha kwanza cha aina hiyo. Kilifanya kazi kwa saa chache tu, lakini vilifuata vingine, na aliishi hadi mwaka 2001.

Istilahi iliyonishinda ni ile ya fundo. Nimeitumia katika makala haya kwa kuwa ndiyo tafsiri ya wazi ya Kijerumani cha Tawara, lakini kila Mswahili anajua maana ya kuwa na fundo moyoni. Nilipomsomea shangazi rasimu ya orodha yangu alinisimamisha hapo. "Mwanangu," alisema, "mimi sina fundo na mtu." Nikabadilisha kuwa kifundo anzilishi kwa la juu na kifundo cheleweshi kwa la Tawara. Wauguzi wawili niliowaonyesha wakasema kifundo kwao ni cha mguu, na mgonjwa akiambiwa kifundo chake kimeharibika atavua kiatu. Pendekezo la tatu, kiini cha mapigo, linafaa kwa la juu lakini halifai kwa la Tawara, ambalo kazi yake ni kuchelewesha. Orodha ninaiwasilisha kwa wajumbe ikiwa na nafasi hiyo tupu.